Nsansa Katika Chungu cha Nyama

Juzi niliingia kwenye duka moja la hapa mjini, yale makubwa yenye kiyoyozi, kutafuta sabuni ya kufulia. Kwenye rafu waliyoiandika vyakula vya afya nikakutana na nsansa. Nsansa hii hii ya kwetu, majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa juani mpaka yakawa meusi, imefungwa kwenye kipakti kinachong'aa chenye picha ya binti anayecheka meno yote nje. Nikakiokota, nikakiminya, nikakipeleka puani. Harufu ilipenya: vumbi lililopigwa na jua, moshi kidogo, na ule uchachu wa majani yaliyosahaulika kwenye ungo. Nilisimama pale hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Binti wa dukani akaniuliza, "Mama, nikusaidie?" Nikamwambia huwezi, mwanangu. Nikanunua kile kipakti, sabuni nikaisahau.

Wiki ile ile, kule kliniki ninakopimwa presha, kijana mmoja mtaalamu wa lishe alitukalisha sisi watu wazima kwenye mabenchi akatufundisha kula. Alisema vizuri, simlaumu. Punguzeni nyama nyekundu, wazee wangu. Kuleni mboga za majani, kunde, karanga, viazi, ugali wa dona. Moyo utapumzika, sukari itatulia, choo kitakuwa laini, viungo havitavimba. Wenzangu waliitikia kwa vichwa kana kwamba habari imeshuka jana. Mimi nilikuwa nimeuma meno. Maana chakula anachotuhubiria ndicho nilicholelewa nacho, na kwa sababu ya chakula hicho hicho nilinyang'anywa mama yangu.

Baba alifariki nikiwa bado sijang'oka meno ya mbele. Tulikuwa tukikaa upande wa Nzega, kwenye boma letu la peke yetu, kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Baba alikuwa na ng'ombe, si wengi wa kumfanya atajwe na watu, lakini walitosha kulima na kukamua, na kila mmoja nilimjua kwa jina. Maksai wa mbele, yule wa jembe, tulimwita Mabaka. Siku ya msiba nakumbuka baba alitolewa ndani amefungwa kwenye shuka, na nakumbuka kwamba alipokwisha kuzikwa, wanaume wa ukoo walikwenda moja kwa moja zizini. Walimtoa Mabaka kwanza. Aliyeshika kamba alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, mtu wa Tabora mjini mwenye bucha. Kesho yake walimtoa mwingine, na kesho yake tena. Watu waliendelea kuja, wengine hata mama hakuwajua, wakala, wakajipaka mafuta ya mikono kwenye miguu, wakamsifu marehemu kwa ukarimu wake. Matanga yalipokuja kuvunjwa, zizi lilikuwa limebaki na samadi tu.

Sasa mtoto naye ana akili yake. Hakuna aliyenieleza baba amekufa na nini. Nilisikia tu watu wazima wakisema kifua, kifua, na Mabaka alikuwa na mapembe. Nikaunganisha mwenyewe. Nikaelewa kwamba Mabaka alimpiga baba kifuani, wenzake wakamsaidia, na ndiyo maana sasa wanaadhibiwa mmoja mmoja. Jambo lile lilinituliza sana. Nilimwona Baba Mkubwa kama askari aliyekuja kututetea. Na mama alipokataa kuonja hata mchuzi, niliona ni sawa kabisa, kwani nani atakula mnyama aliyemuua mumewe.

Watu walipoondoka, mama alikichukua kile chungu kikubwa kilichopikiwa nyama ya msiba, akakisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Akakianika kutwa nzima, kisha akakijaza nsansa mpaka juu. Akasema, "Nyumba hii imeshashiba damu." Tangu hapo nyama haikuingia kwetu. Hata dagaa wa Kigoma hakuwataka, na kuku tuliokuwa nao waliishi mpaka wakazeeka. Na tuelewane hapa, kwa sababu siku hizi watu wanapenda kuwapamba wazee wetu: mama hakuacha nyama kwa ajili ya afya. Aliacha kwa hasira. Afya ilikuja yenyewe bila kualikwa.

Lakini jamani, mama yangu alijua kupika. Nsansa aliichemsha akamwaga maji ya kwanza, akaichemsha tena taratibu, halafu akaitia karanga alizozitwanga mwenyewe, mpaka mafuta yakaelea juu. Mlenda wake ulivutika kutoka chunguni hadi mdomoni bila kukatika. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vimechemshwa vikawa vitamu kupita sukari. Mvua zikianza kulikuwa na uyoga, zikikolea kuna maboga na majani yake, kiangazi njugu mawe, na porini matunda ya furu na mbula, ya bure kwa mwenye miguu. Sikumbuki kuumwa tumbo. Sikumbuki kukaa kichakani muda mrefu, na nyie wa umri wangu mnajua ninachosema. Mama alitwanga alfajiri, akalima pamba mchana, akarudi na kuni kichwani huku bado ana pumzi ya kuimba.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Lori lilikuja kubeba vyombo vya watu, na mama akapakia kila kitu isipokuwa kile chungu. Hicho alikibeba mwenyewe kichwani, akatembea nyuma ya lori kwenye vumbi, dereva anamcheka kwenye kioo. Huko kijijini nyumba zilipangwa kwenye mstari, jirani anasikia jirani akipiga chafya, na kila pua ilijua chungu cha nani kinatoa harufu gani. Haikuchukua muda wakajua kwetu hakupikwi nyama. Watoto wakaibatiza nyumba yetu "kwa mbuzi". Nikipita kwenda kisimani wanalia mee, mee. Nilirudi nikinung'unika, mama akaniambia bila kuinua kichwa kwenye kinu, "Waambie mbuzi ana meno yake yote."

Baba Mkubwa alitufikia jioni moja ya mnada. Alikuwa amekuja Nzega kununua ng'ombe wa bucha yake, akaona alale kwa mke wa marehemu ndugu yake. Alivaa kanzu nyeupe na viatu vya kufunga. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Kabula. Mbona umekuwa fimbo?"

Mama alimtandikia mkeka, akamletea maji ya kunawa, akaweka ugali na bakuli, akafunua. Baba Mkubwa alitazama ndani ya bakuli kwa muda, kisha akatazama mlangoni kama anayesubiri kitu kingine.

"Shemeji, mboga iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, shemeji. Nsansa ya karanga. Karibu."

"Nasikia kuku wanalia hapo nje."

"Wanalia, ndiyo," mama akasema. "Wazima."

Nyie mnajua desturi yetu. Shemeji mtu mzima, tena wa mjini, akifika kwako anachinjiwa. Kutomchinjia ni kumwambia hana thamani. Na mama alijua hivyo, wala hakuteleza. Alimtazama usoni mtu aliyemshika Mabaka kamba, akamwekea majani. Baba Mkubwa alinawa mikono mara ya pili kabla hata hajala, akasema ameshiba, akalala. Asubuhi alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi wetu alikuwa mzee mpole aliyependa mambo yaishe kabla jua halijawaka. Tukaitwa, majirani wakakaa pembeni. Ningemheshimu Baba Mkubwa kama angesema ukweli, kwamba amenyimwa kuku na roho inamuuma. Hakusema. Alisimama, akakunjua kanzu, akasema, "Ndugu Balozi, taifa linajengwa na watoto wenye afya. Huyu mtoto analishwa majani. Bwana Afya amepita hapa mara ngapi akifundisha mtoto apewe nyama, mayai, maziwa? Mimi nina bucha. Mtoto wa marehemu ndugu yangu atakulaje kama mbuzi na mimi nina bucha?"

Majirani waliguna kukubali. Mama akasimama. "Maziwa angekunywa," alisema. "Ng'ombe wako wapi, shemeji?"

Mama akaendelea kwa sauti ya chini. "Na babu yenu alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi na majora ya kaniki. Njiani alikuwa anakula nini? Unga na njugu na majani ya kando ya njia. Nani alimchinjia ng'ombe?"

Mtu mmoja alicheka, balozi naye akatabasamu. Nikadhani tumeshinda. Lakini balozi akajikuna kidevu, akasema mahari ya huyu mama ililipwa, mtoto ni wa ukoo wa baba, na kule kuna nyama. "Aende akanenepe kidogo," alisema, akanitazama kama mtu anayenipa zawadi. Ndivyo nilivyohukumiwa kutengwa na mama yangu kwa kosa la bakuli la mboga.

Mama hakulia mbele yao. Aliingia ndani, akachota nsansa kwenye kile chungu, akajaza mfuko wa kitambaa, akaushona mdomo kwa sindano. Akatoka nje akanipa. "Chakula chako hiki," aliniambia. "Usikubali mtu akuonee aibu nacho." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na basi lilipopita barabarani nilikuwa ndani yake, nimepakata mfuko wangu.

Nyumba ya Baba Mkubwa ilikuwa ukingoni mwa mji wa Tabora, kwenye njia ile ya kale waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji. Uani walilala ng'ombe wa kuchinjwa, na upande wa pili, kwenye kizizi chake mwenyewe, Mama Mkubwa, mke wake, alifuga ng'ombe wake wachache wa maziwa. Aliwapata kwa jasho lake, na maziwa aliyapeleka kwenye nyumba za Waarabu wenye maduka. Alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache, na alinipokea vizuri.

Nyama kweli ilikuwepo. Ila ya nani? Asubuhi supu ya makongoro, mchana maini, jioni figo na ulimi, vyote vinaingia kwa Baba Mkubwa mezani, peke yake, na bia pembeni. Sisi wanawake jikoni tuligawana mchuzi na mifupa aliyokwisha kuikwangua. Siku nilipoomba yai niliambiwa mtoto wa kike hali mayai. Kwa hiyo yale mayai ya Bwana Afya yaliishia pale pale kwa balozi. Wiki haikuisha tumbo likawa gumu kama ubao, midomo ikachanika. Mama Mkubwa aliponiona ninajikunja, aliuliza kule kwetu nilikuwa nakula nini. Nikamwonyesha mfuko. Alipika nyuma ya nyumba, mbali na mume wake, tukala wawili tumechuchumaa, na tumbo langu likafunguka. Yeye mwenyewe akasema, "Mbona tamu hivi," akaomba tena.

Alfajiri vijana wa bucha walikuja kuwatoa ng'ombe uani kuwapeleka machinjioni. Siku moja niliamka mapema nikamkuta Baba Mkubwa amesimama akielekeza, na kijana amemfunga kamba fahali mmoja mweusi mwenye macho ya upole. Nilimtazama yule fahali. Hakuonekana mkorofi hata kidogo. Nikauliza, kwa heshima zote, "Baba Mkubwa, huyu amemuua nani?"

"Nini?"

"Huyu ng'ombe. Amemuua nani?"

Aliniuliza nina maana gani, nami nikamweleza: Mabaka, kifua cha baba, na wale wengine waliosaidia. Baba Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Vijana nao wakacheka. Mchana alikuwa akiwahadithia wateja dukani huku anapiga shoka mifupa, na kila aliyekuja kununua nyama aliniuliza, "Na huyu ameua nani, binti?" Nilikimbilia jikoni. Mama Mkubwa alikuwa anachuja maziwa. Aliweka kibuyu chini, akanivuta.

"Ng'ombe wa baba yako hawakuua mtu," alisema. "Baba yako alikufa kwa homa ya kifua. Ng'ombe walikuwa wa kukulea wewe na mama yako. Waliliwa tu, mwanangu."

Waliliwa tu. Nilikaa na neno hilo mpaka usingizi ukanichukua. Mtu niliyemdhani askari ndiye aliyetufilisi, kisha akaja kijijini akasimama mbele ya balozi akasema mama yangu ananinyima chakula. Nilikuwa mdogo, lakini hasira niliyoipata siku ile ilikuwa ya mtu mzima, na sijawahi kuirudisha kwa mwenyewe.

Ugonjwa wake ulianza kwenye kidole gumba cha mguu. Kilivimba kikawa chekundu, kinang'aa, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Kuku akipita karibu na kitanda anatukanwa. Wengine walisema karogwa na wenye bucha wenzake, wakaja waganga wakamchanja. Mguu wa pili ukafuata, na magoti. Mwishowe alibebwa kwenye mkokoteni wa bucha hadi hospitali, na daktari alimwambia ni jongo. Aache maini, figo, makongoro, supu na pombe. Ale mboga za majani, viazi, nafaka, anywe maji mengi. Alirudi amekunja uso. "Daktari anataka niwe mbuzi," alisema. Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya miguu yake, nikamsikia vizuri sana.

Mama Mkubwa alijaribu, lakini kila mboga aliyopika bila mfupa mgonjwa aliisukuma. Akachoka. "Mimi nimeolewa na bucha," akamwambia. "Kupika majani kila siku na yakalika, nitajifunzia wapi? Anayejua yuko Nzega." Baba Mkubwa akakataa, akasema heri afe. Mguu ukamshauri kwa siku chache zaidi, akakubali. Mimi nikachukuliwa nimbebee vitu vyake.

Ndivyo nilivyorudi kwetu, nikiwa mbeba fimbo ya mtu aliyenitoa. Vijana walimshusha kwenye basi wakambeba mpaka mlangoni. Watoto wa kijiji walikusanyika, safari hii hawakulia mee. Mama alitoka, akanitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni. Halafu akamtazama yeye.

"Karibu, shemeji," akasema. Akaenda kuwasha moto.

Nilitaka amfukuze. Nilitaka amwambie nenda ukale kwa balozi. Badala yake alimpikia nsansa ya karanga, mlenda, michembe, ugali wa mtama, asubuhi na jioni, kiangazi chote. Mwanzoni Baba Mkubwa alimega ugali na chumvi tu. Kisha akachovya. Kisha siku moja akarudisha bakuli tupu na kulisukuma mbele kidogo, ishara kwamba liongezwe, na mdomo hakuufungua. Uvimbe ukashuka, kitambi kikamfuata. Alianza kufika mlangoni kwa fimbo, halafu kisimani, halafu fimbo akaisahau ukutani. Na wageni walipokuja kumjulia hali na kushangaa, unajua alisema nini? Alisema, "Yule daktari wa Tabora ni fundi kwelikweli." Mama akiwa pale pale, anaosha bakuli lake.

Nilimwambia mama yote niliyoyajua sasa, kuanzia swali langu kwa yule fahali hadi jibu la Mama Mkubwa. Mama aliacha kutwanga. "Ulidhani Mabaka ndiye?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akageuza uso upande wa ukuta, na nilijua analia kwa jinsi mabega yalivyokuwa.

Kisha, asubuhi moja, balozi akiwa amekuja kumsalimia mgonjwa aliyepona, Baba Mkubwa alivaa viatu vyake vya kufunga, akapiga miguu chini kuijaribu, akasema, "Kabula, funga mzigo. Basi la Tabora linakaribia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama aliingia ndani akatoka na kile chungu kikubwa, amekikumbatia, akakiweka kati yao.

"Shemeji, chungu hiki unakijua. Ndicho mlichopikia ng'ombe wa mume wangu. Na kiangazi hiki chote nsansa uliyokula imetoka humo. Balozi yupo. Iseme tena ile sababu uliyomchukulia mtoto wangu. Iseme umesimama hivyo hivyo kwa miguu yako."

Baba Mkubwa akatazama chungu, akatazama viatu vyake. Balozi alikohoa, akasema polepole, "Mzee mwenzangu, naona sababu imekwisha." Honi ya basi ikalia barabarani. Baba Mkubwa aliokota mfuko wake akaondoka peke yake, anatembea vizuri kabisa. Hakuaga, hakushukuru, na neno samahani hakulitamka mpaka anaingia kaburini.

Alirudi Tabora akarudia maini yake. Kila jongo likimshika alimtuma kondakta wa basi aje kuchukua nsansa, na kila mara mama alijaza mfuko. Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu, na jambo hilo likawa ugomvi wetu wa kudumu. "Kwa nini unamlisha mtu huyu?" nilimuuliza. Mama akanijibu, "Simlishi yeye. Namlindia Mama Mkubwa wako mume, asije akafanywa nilivyofanywa mimi."

Nsansa iliweza mengi, lakini haikuweza kushindana na bucha. Baba Mkubwa alianguka akiwa dukani kwake, na habari ilitufikia kwa simu ya posta. Mama alikuwa ameshazeeka, mvi kichwa kizima, mgongo bado umenyooka, meno yake yote mdomoni. Akajaza chungu nsansa. Kondakta alitaka kukipandisha kwenye keria, mama akakataa, akakipakata hadi Tabora.

Tulifika wametoka makaburini. Wanaume wa ukoo walikuwa tayari kwenye kizizi cha Mama Mkubwa, mmoja amekwisha kumtia kamba ng'ombe wake wa mbele wa maziwa. Mama Mkubwa alikuwa amekaa chini barazani, kanga mdomoni, anatazama. Mama hakwenda kwa waliaji. Alipita na chungu chake moja kwa moja hadi kwenye lango la zizi, akakitua, akakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye lango.

"Shikamoo, mama," kijana mwenye kamba akasema. "Tunaomba kupita."

"Marahaba. Huyo amemuua nani?"

"Nani, mama?"

"Huyo ng'ombe. Nauliza amemuua nani. Kama hajaua mtu, mvue kamba."

Wazee wawili watatu walikuja juu, wakataja desturi, wakataja heshima ya marehemu. Mama hakubishana nao. Alisema mwenye njaa chakula kipo, marehemu mwenyewe amekila miaka mingi na ndicho kilichomsimamisha. Nikaanza kuchota nsansa, wanawake wa jikoni mmoja mmoja wakaja na masufuria yao bila kuitwa. Kijana alisimama na kamba mkononi mpaka jua likazama, kisha akaifungua. Msiba ule watu walikula nsansa ya karanga, na waliotaka nyama waliondoka mapema, ikawa matanga mafupi kuliko yote niliyowahi kuona.

Asubuhi yake Mama Mkubwa aliingia zizini kwake akakamua. Alikuja na kikombe cha kwanza, bado kina povu, akampa mama kwa mikono miwili. Mama hakuwa ameonja kitu cha ng'ombe tangu siku aliyozikwa baba. Alikipokea, akakinywa chote.